Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mbuzi akichinjwa hapa Kaaleng, hakuna kinachotupwa upesi. Nyama huliwa, damu haimwagwi bure, na mifupa huvunjwa kwa ajili ya uboho. Ngozi peke yake ndiyo iliyopoteza heshima yake. Zamani mama aliilainisha kwa mafuta akaifanya vazi, au akaitandika ikawa kitanda cha watoto. Siku hizi huanikwa juu ya mchanga, jua likaikausha hadi ikakakamaa kama ubao, kisha ikamngoja mchuuzi apite, ataje bei aipendayo, na kuitupa juu ya lori. Huenda Lodwar, kutoka Lodwar husafiri kilomita zipatazo 300 hadi Kitale, na kutoka Kitale huenda asikokujua aliyemfuga mbuzi yule. Muda si muda, mfugaji huyo huyo hununua sokoni ndara za plastiki zilizovuka bahari. Asiyeweza kuzinunua huvaa akala zilizokatwa katika gurudumu kuukuu la gari. Na tuseme kweli: fundi wa akala ndiye kiwanda pekee ambacho wengi wetu tumewahi kukiona kikifanya kazi.

Tunauza ngozi, tunanunua plastiki. Swali langu kwa wapenda mageuzi, na hasa kwa waumini ambao hukusanyika kila Jumapili kuiombea nchi hii, ni hili: nchi yenye mifugo tele ilifikaje hapa?

Wako watakaojibu kwa neno moja: soko huria. Wako watakaopinga na kusema kwamba viwanda vyetu vilikuwa vimekufa tangu zamani, na soko huria lilivifanyia mazishi tu. Naamini pande zote mbili zimeshika nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki yatuhusu sisi tuliopigania vyama vingi, kwa kuwa ilitendeka mbele ya macho yetu.

MILANGO MIWILI

Mnamo Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya. Walidai mageuzi ya siasa, na walidai mageuzi ya uchumi. Mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilifutwa katika Katiba, na Kenya ikarudi kuwa nchi ya vyama vingi. Tuliimba, tulilia, tulipiga magoti tukamshukuru Mungu. Huo ulikuwa mlango wa kwanza, na tuliulinda kwa macho makali.

Mlango wa pili ulifunguliwa bila nyimbo. Mwezi wa Mei 1993 leseni za kuagiza bidhaa kutoka nje zilifutwa. Udhibiti wa fedha za kigeni ulilegezwa hatua kwa hatua, hata sheria yenyewe ikafutwa mwaka 1995. Ushuru wa forodha ulipunguzwa. Mitumba, ambayo hapo awali ilizuiwa, ikajaa masoko yote kuanzia Gikomba hadi Kakuma. Ni wachache miongoni mwetu waliouliza mlango huo unafunguliwa na nani, na kwa namna gani.

Sitaki mtu adhani kwamba naulilia utaratibu wa zamani. Leseni za kuagiza bidhaa zilikuwa chemchemi ya rushwa. Kibali kilitoka ofisini, na ofisini kilimtafuta aliyejulikana. Mwenye kiwanda aliyelindwa kwa leseni hakuwa na haja ya kutengeneza shati zuri. Alikuwa na haja ya rafiki mkubwa. Mnunuzi maskini ndiye aliyelipia urafiki huo kwa bei ghali na kitambaa hafifu. Mwanamageuzi hakuwa na sababu ya kuutetea utaratibu wa namna hiyo.

TIJA NI NINI?

Wataalamu waliotushauri kufungua biashara walikuwa na hoja, nayo yafaa tuielewe kabla ya kuihukumu. Walisema kwamba umaskini wa nchi hauponi kwa kuwa na viwanda vingi tu, bali kwa tija, yaani kile ambacho mfanyakazi mmoja aweza kukizalisha kwa siku moja, kwa mashine na malighafi aliyopewa. Ambapo tija ni ndogo, mshahara hauwezi kuwa mkubwa, hata mwajiri angekuwa malaika.

Biashara huria, walisema, huikuza tija kwa njia tatu. Kwanza, kiwanda hupata mashine, vipuri na malighafi bora za kigeni kwa bei nafuu. Pili, ushindani humlazimisha mzembe kuamka. Tatu, viwanda dhaifu hufungwa, na wafanyakazi wake pamoja na mitaji yake huhamia katika viwanda imara.

Hoja hii haikutungwa hewani. India ilianza kupunguza ushuru wake mwaka 1991, na wachunguzi waligundua kwamba tija ya viwanda vyake ilipanda, hasa kwa sababu viliweza kununua vifaa na malighafi bora kutoka nje. Chile ilifungua soko lake katika miaka ya 1970, na sehemu kubwa ya tija iliyoongezeka huko ilitokana na viwanda dhaifu kuwapisha vilivyo na nguvu. Basi kwa nini dawa iliyowafaa wengine ilitulaza sisi kitandani? Tuzipime njia zile tatu, moja baada ya nyingine.

YALIYOTUPATA

Njia ya kwanza ni mashine. Ili kununua mashine mpya, mwenye kiwanda huhitaji mkopo na sarafu yenye thamani. Mwaka 1993 ndio uliokuwa mwaka wa kununua mashine, kwa maana ndio mwaka ambao washindani waliruhusiwa kuingia. Lakini tukumbuke mwaka huo ulikuwaje. Fedha zilizomwagwa katika uchaguzi wa Desemba 1992, pamoja na zile zilizochotwa katika hazina ya umma, zilipandisha bei za vitu kwa asilimia 46 hivi katika mwaka mmoja. Shilingi ilipoteza karibu nusu ya thamani yake mbele ya dola. Serikali, ikijaribu kuzirudisha fedha hizo, iliuza hati za Hazina kwa riba iliyopita asilimia 70. Ni benki gani ingemkopesha mwenye kiwanda cha nguo anunue mitambo, hali yaweza kuikopesha Serikali na kuvuna faida ya namna hiyo huku imekaa kitako? Wakati mlango wa bidhaa za kigeni ulipofunguliwa, mlango wa mkopo ulifungwa. Na aliyeufunga hakuwa Mjerumani wala Mchina. Alikuwa mkono ule ule ulioivamia hazina yetu.

Hapa kashfa ya Goldenberg yapasa ikumbukwe kwa jina. Watu wengi huikumbuka kama habari ya dhahabu. Kwa kweli ilikuwa pia habari ya viwanda. Mpango wa fidia kwa wauzaji wa nje uliwekwa ili kuwasaidia watengenezaji wa bidhaa wa Kenya kupata masoko ya kigeni. Wengine walilipwa asilimia 20 ya thamani ya bidhaa zao; kampuni ya Goldenberg ilipewa asilimia 35, kwa dhahabu na almasi ambazo nchi hii haikuwa nazo kwa wingi uliodaiwa. Tume ya Jaji Bosire ilisikiliza ushahidi wa mambo hayo hadharani. Mwaka 1993 mpango wenyewe ulifutwa. Chakula kilichotengwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa kililiwa na fisi. Halafu kwa kuwa fisi amekula, ng'ombe akaambiwa hatapewa tena.

Njia ya pili ni ushindani. Ushindani huamsha pale wanaoshindana wanapokimbia katika uwanja mmoja. Shati la mtumba limekwisha kulipiwa na mwenyewe wa kwanza huko Ulaya au Marekani. Hakuna bidii ya mfumaji wa Kisumu iwezayo kulishinda kwa bei. Wala siwalaumu wanunuzi. Mama wa Kakuma aliyemvisha mtoto wake sweta la mtumba usiku wa baridi alifanya lililo haki, na maelfu ya wachuuzi wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Nawalaumu walioacha shehena za sukari na nguo, zilizoandikwa kwamba zinapita kwenda nchi jirani, ziishie madukani mwetu bila kulipiwa ushuru. Mshindani asiyelipa kodi hamfundishi mwenzake kukimbia, humvunja mguu.

Njia ya tatu ni kuhama. KICOMI ya Kisumu ilianguka. Mountex ya Nanyuki ilianguka. Rivatex ya Eldoret iliwekwa chini ya mfilisi, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mashine zake mpya zikazinduliwa mwaka 2019 tu. Mavuno ya pamba, yaliyokuwa yamefikia marobota yapatayo 70,000 katikati ya miaka ya 1980, yaliporomoka hadi sehemu ndogo tu ya hayo. Viwanda hivyo vilikuwa na makosa yake, na mameneja waliowekwa kwa sababu za siasa walishiriki kuvizika. Lakini wafanyakazi wake walihamia wapi? Hawakuhamia katika kiwanda imara zaidi, maana hakikuwepo. Walihamia jua kali, wakapanga nyanya kando ya barabara, au wakarudi shambani. Yule aliyekuwa akiendesha mtambo wa kufuma akawa anachuuza soksi. Tija yake ilishuka, hakupanda naye.

Ndiyo maana tujihadhari na hesabu zinazotolewa na wakubwa. Viwanda dhaifu vikifa, tija ya vilivyobaki itaonekana imepanda katika vitabu. Ni sawa na hospitali inayowafukuza wagonjwa mahututi wafie nje ya lango, kisha ikajisifu kwamba waliomo wodini wana afya njema. Nchi hupimwa kwa wote, pamoja na waliokuwa langoni.

NGOZI YETU

Sasa turudi kwenye ngozi ya Kaaleng. Katika miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na viwanda vya kutengeneza ngozi vilivyokaribia ishirini. Biashara ya ngozi mbichi ilipoachwa huru, wanunuzi wa kigeni walizichukua kabla hazijafika viwandani, na viwanda vikapungua kufikia nusu hivi. Katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii Serikali iliamka, ikaweka ushuru juu ya ngozi mbichi zinazopelekwa nje: asilimia 20, kisha 40, na baadaye ukafikia 80. Viwanda kadhaa vilifufuka. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngozi iliendelea kuuzwa nje ikiwa imetengenezwa nusu tu, na kiatu kikashonwa ng'ambo.

Ushuru umerudi, viatu havikurudi. Kwa nini? Kwa sababu tija haianzii bandarini. Huanzia kwenye kisu. Ngozi iliyotobolewa na kisu chenye ncha wakati wa kuchuna, yenye makovu ya alama za moto, iliyokaushwa juu ya mchanga badala ya kutandazwa kwenye fremu kivulini, hushushwa daraja kabla haijafika Kitale. Fremu ya miti na kisu cha kuchunia havihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Vyahitaji mwalimu, na mnunuzi anayelipa zaidi kwa ngozi safi kuliko kwa ngozi iliyotoboka. Ngozi ikilipwa bei moja, nzuri kwa mbaya, nani atajisumbua?

Kisha yaja maji, umeme na barabara. Hapa Turkana imefundishwa kwa fimbo. Kule Kalokol, kando ya ziwa, kilijengwa kwa msaada wa Norwe kiwanda cha kugandisha samaki. Hakikupata mshindani wa kigeni hata mmoja, wala hakuna mtumba wa samaki uliokiangusha. Kilisimama upesi kwa sababu gharama za kuendesha majokofu zilikuwa kubwa mno, na maji safi yalikuwa haba jangwani. Kiwanda kinaweza kufa kwa ushindani, na kinaweza kufa bila ushindani. Wanaodhani kwamba tutapona kwa kufunga mipaka tu, na waende wakayatazame majengo ya Kalokol.

Wanorwe hao hao ndio waliosaidia kujenga barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar. Mwaka 1990 Serikali ya Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norwe kwa sababu ya habari za Koigi wa Wamwere, mpinzani aliyekuwa amepewa hifadhi huko kisha akashtakiwa hapa kwa uhaini. Misaada ilikatika. Barabara ilimomonyoka kwa miaka mingi, na kila shimo lake lilikuwa ushuru aliotozwa mfugaji kwa kosa la mwanasiasa kukataa kukosolewa. Nani basi atatuambia kwamba uhuru wa kusema ni jambo moja na bei ya mbuzi ni jambo lingine?

Bwawa la Turkwel nalo lilianza kutoa umeme mwaka 1991, megawati 106, kutoka katika mto unaoteremka kuja kwetu. Nyaya zake zilielekezwa Lessos, karibu na Eldoret, na kwa miaka mingi Lodwar iliwashwa kwa jenereta za dizeli. Kiwanda cha Lodwar chenye umeme wa dizeli kingewezaje kushindana na kiwanda cha Thika, sembuse cha Guangzhou?

Tazama pia Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na taarifa iliyotolewa mwaka 2018 na shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia ilihesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini na mjini. Huo ndio ushahidi kwamba soko lipo na kwamba watu wetu, wenyeji na wakimbizi, wana akili ya biashara. Lakini zungukia maduka hayo ukahesabu ni bidhaa ngapi zimetengenezwa Turkana. Vidole vya mkono mmoja havitachoka. Nayo mafuta ya Lokichar, yaliyogunduliwa mwaka 2012, shehena yake ya kwanza iliondoka Mombasa mwaka 2019 yakiwa ghafi, kwa kuwa kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kilikuwa kimeacha kusafisha tangu mwaka 2013. Ngozi ghafi, mafuta ghafi: ni wimbo mmoja kwa sauti mbili.

MLANGO UNAFUNGULIWA TENA

Nisingewachosha kwa historia kama ingekuwa historia tu. Tangu Januari 2021 biashara imeanza chini ya mkataba wa soko huru la bara zima la Afrika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2018. Na Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha hadi asilimia 35 ushuru wa bidhaa nyingi za kigeni zinazoweza kutengenezwa hapa, zikiwemo nguo na vitu vya ngozi. Mlango mmoja unafunguliwa, mwingine unarudishwa. Safari hii tusiwe watazamaji. Ushuru mkubwa bila umeme na mkopo utamfanya maskini anunue kiatu ghali bila kumpatia mwanawe kazi. Biashara huru bila hazina safi itaturudisha mwaka 1993.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari iliyo katika kitabu cha Samweli, kwamba kulikuwa na siku ambapo Israeli yote haikuwa na mhunzi, na kila mkulima alilazimika kuteremka kwa Wafilisti ili anoe jembe lake, na kulipa. Taifa lisilo na mhunzi laweza kuwa na mfalme, laweza kuwa na bendera, laweza hata kupiga kura. Lakini siku ya vita litatoka bila upanga.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni asije. Wala hawakusema mgeni aje, mwenyeji afe. Waliweka sharti, na sharti hilo ndilo kazi yetu.

Kwa hiyo naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, kila kikundi cha haki na amani parokiani, na kila kamati ya kanisa, iombe kwa maandishi kujua fedha za ushuru wa ngozi mbichi zimetumikaje, na ni kiasi gani kimemfikia mfugaji wa Kaaleng, Kaikor na Lokitaung. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 yatupa haki ya kuuliza, na ibara ya 201 yaitaka Serikali iwe wazi katika fedha za umma. Pili, bajeti ya kaunti inapoletwa mbele ya wananchi, tusidai jengo la kiwanda kabla hatujaonyeshwa maji yake, umeme wake na mnunuzi wake. Kalokol moja yatosha. Tatu, tuanze na kisu na fremu. Vyama vya akiba na mikopo vya waumini vyaweza kuwafundisha vijana kuchuna na kukausha, na kuuza ngozi safi kwa pamoja ili mchuuzi asitaje bei peke yake.

Miaka ile tulidhani kwamba tukishaipata kura, mengine yote yatatujia yenyewe. Tulikuwa wachanga. Aliyeachiwa hazina bila mlinzi aliiharibu kura, akaharibu shilingi, akaharibu na kiwanda, kwa mkono mmoja na kwa mwaka mmoja. Basi anayepigania hesabu za hazina anapigania pia kiatu cha mtoto wa Kaaleng. Siku kiatu hicho kitakaposhonwa Lodwar, kwa ngozi ya mbuzi wetu, nasi tukakinunua kwa kuwa ni kizuri na si kwa kuwa tumelazimishwa, ndipo tutakaposema mgeni amekuja na mwenyeji amepona.